Mtu Aliyezungusha kwa Mkono

Fundi hakuiamini gia yoyote ambayo hakuwa ameizungusha kwa mkono wake mwenyewe. Ukimletea gia boksi iliyofunguliwa, meno yote yakiwa wazi, hakuyahesabu. Aliifunga kwanza. Kisha alichora mstari wa chaki kwenye shafti ya kuingilia na mwingine kwenye shafti ya kutokea, akaanza kuizungusha ile ya kwanza polepole, macho yakiwa kwenye ile ya pili, huku akihesabu kwa Kinyaturu kwa sauti ya chini. Mstari wa pili ulipokamilisha mzunguko mmoja, alisimama na kutamka jibu kwa Kiswahili: tatu kasorobo, tano na kidogo, kumi na mbili kamili. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yake yote, na kwa muda wote niliomfahamu sikumwona akiandika nyingine.

Nimemfahamu kwa miaka tisa. Sitaeleza alizaliwa wapi wala alijifunza kwa nani, kwa sababu hakunieleza nami sikumuuliza. Karakana yake ilikuwa Singida Mjini, katika kontena lililokatwa ubavu mmoja na kuongezewa mabati kwa mbele. Kila mtu alimwita Fundi, hata mke wake alipomletea chakula mbele ya wateja. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Kazi iliyompa jina ilikuwa kubadilisha mashine. Umeme ulipofika vijijini, wenye mashine za kukamua alizeti walitaka kuachana na injini za dizeli na kufunga mota. Mota huzunguka kwa kasi kubwa mno. Parafujo inayokamua mbegu hutaka kwenda taratibu. Katikati yake hukaa mikanda, puli na gia za kupunguza mwendo, na swali huwa moja tu: upunguzwe mara ngapi? Ukipungua kupita kiasi, mashine inalala. Usipopungua vya kutosha, mbegu zinapita na mafuta yake, au mashine inajivunja. Kwa kuwa gia boksi mpya za viwandani hazipatikani kirahisi kwetu, Fundi alitumia madifu ya magari mabovu, yale maboksi ya gia yanayopeleka mwendo kwenye ekseli za magurudumu. Kila difu lililotupwa mkoani lilifika kwake mapema au kwa kuchelewa.

Mara ya kwanza nilipofika pale nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi, nimekuja kwa mafunzo ya vitendo. Alinipa difu la gari dogo na kuniuliza linapunguza mwendo mara ngapi. Nilihesabu meno arobaini na moja kwenye gia kubwa na kumi na moja kwenye ndogo, nikagawanya kwa simu na kumsomea: tatu nukta saba mbili saba tatu.

"Hiyo tatu ya mwisho inakaa wapi kwenye chuma?" aliuliza.

Akachora mistari yake, akazungusha, akahesabu.

"Tatu na robo tatu, kasoro kidogo. Tumepatana, Injinia. Ila yangu imepita ndani ya gia. Yako imepita ndani ya simu."

Aliniita Injinia tangu siku ile, nikiwa bado sina cheti chochote. Nimelipima neno hilo kwa miaka, jinsi alivyolitamka na mahali alipolitamkia, na sijaweza kuamua kama lilikuwa heshima, dhihaka au njia ya kukwepa kukariri jina langu.

Katika salamu alikuwa mkali kuliko walimu wote walionifundisha. Mtu akimwamkia huku mashine inanguruma, hakuitikia. Alizima swichi, akasubiri puli isimame kabisa, jambo ambalo kwa mashine kubwa lilichukua muda wa kumkera mtu mzima, kisha ndipo akasema, "Marahaba. Haya, sema sasa." Kwake yeye shikamoo iliyotolewa juu ya kelele haikuwa imetolewa. Nilimwona mheshimiwa mmoja wa ofisi fulani, mwenye suti na haraka, akirudia shikamoo mara tatu huku gurudumu likizidi kuzunguka, na Fundi akilitazama gurudumu.

Spea alinunua katika duka moja tu mjini, la mzee ambaye babu zake walitoka Bara Hindi, na aliyezungumza Kinyaturu cha sokoni vizuri kuliko mimi. Walibishana kila walipokutana, na nadhani wote wawili wangesikitika kama wangekubaliana.

"Fundi, umeagiza gia ya meno hamsini na tatu. Hiyo haipo. Chukua hamsini na moja, kila mtu anachukua hamsini na moja."

"Kila mtu atafute fundi wake."

"Tofauti ya meno mawili nani ataiona, bwana?"

"Meno yenyewe, Bosi."

"Meno yana macho?"

"Yana kumbukumbu."

Alikuwa na sababu. Gia ndogo aliyoitumia ilikuwa na meno kumi na saba. Kumi na saba huingia katika hamsini na moja mara tatu kamili. Maana yake kila jino la gia ndogo hukutana na meno yale yale matatu ya gia kubwa, mzunguko baada ya mzunguko, siku zote. Likiwa na kasoro, litachimba pale pale mpaka livunje. Kwa hamsini na tatu, kila jino huyazungukia yote kabla ya kurudi lilikoanzia, na uchakavu hugawanyika. Jambo hili lina kanuni yake, na nilifundishwa darasani miaka miwili baada ya kulisikia kwake kwa neno moja: "Yasizoeane." Hata hivyo mtu huyu aliyekataza meno kuzoeana alikunywa chai katika kikombe kile kile, katika kibanda kile kile, na kanisani alikaa mwisho wa benchi lile lile, na akikuta mgeni amepakalia alisimama ibada nzima.

Kanisani aliimba besi katika kwaya, na aliimba vibaya. Sauti yake haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kuingia. Alichelewa nusu pigo kila ubeti, kwa uaminifu usiobadilika. Mwalimu wa kwaya alimwambia siku moja mbele yetu sote: "Fundi, wewe unasikia beringi inaanza kufa ikiwa ndani ya mashine. Kinanda hukisikii?"

"Kinanda hakijaharibika," Fundi alijibu.

Wenzake walicheka. Mimi nililichukua jibu hilo kwa uzito, kwa kuwa lilieleza jambo nililokuwa nimeliona mara nyingi bila kulipatia maneno. Alikuwa na masikio ya kasoro peke yake. Mashine nzima haikumwambia kitu. Angeweza kusinzia kando yake. Ilipobadilika kidogo tu, aliinua kichwa.

Kwa kusikiliza alitumia bisibisi ndefu. Aligusisha ncha yake kwenye nyumba ya beringi, mpini akauuma kwa meno, na mtetemo ukampanda kichwani. Aliyafanya haya mashine ikiwa inazunguka, mkanda ukipita karibu na sikio lake, ilhali mteja mwenye ncha ya khanga inayoning'inia hakuruhusiwa kuvuka mlango. Nilimwambia kwamba ni hatari.

"Ndiyo maana wewe usifanye," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi sijapata njia nyingine."

Kitu alichokithamini kuliko vyote kilikuwa alama yake. Alipomaliza kazi na kuzungusha kwa mkono kwa mara ya mwisho, aliandika kwa chaki kwenye fremu ya mashine idadi aliyoipata, akachora duara lenye nukta katikati, kisha akapaka vanishi juu yake ili isifutike. Mashine yenye duara lile ilikuwa mashine ambayo Fundi ameizungusha mwenyewe. Hivyo ndivyo watu walivyoelewa, kuanzia mjini mpaka Rungwa, ambako wafuga nyuki walimwita kurekebisha mitambo ya kuchujia asali. Ikiharibika, alirudi bila kuitwa mara mbili. Kabla ya duara, hakuna aliyegusa swichi, hata mwenye mali.

Nimefika mahali ambapo sina budi kueleza jinsi nilivyoliharibu duara hilo.

Ilikuwa katika utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Nilikuwa napima matumizi ya umeme katika mashine za alizeti zilizobadilishwa, na Fundi alikubali nifanye kazi moja peke yangu. Ilikuwa kazi ya mama mmoja wa Shelui, mjane, mwenye mashine karibu na maegesho ya malori. Difu alikuwa nalo mwenyewe: lilitoka kwenye pikapu ya marehemu mumewe. Kwa kawaida Fundi huchomelea gia ndogo za ndani ya difu, zile zinazoruhusu magurudumu mawili ya gari yapishane mwendo kwenye kona, ili difu lizunguke kama kitu kimoja. Mama alikataa.

"Msilichomelee difu la marehemu," alisema. "Iko siku mwanangu ataifufua ile gari."

Sikutaka kumbishia. Niliacha gia za ndani zikiwa huru, nikafunga ekseli ya upande mmoja kwenye fremu isizunguke, na nguvu zote zikatokea upande wa pili. Nilijiona mwerevu. Nilihesabu meno mara tatu: arobaini na moja kwa tisa. Nne na nusu na kidogo. Puli nilizinunua kwa hesabu hiyo.

Kile ambacho sikukifikiria, pamoja na kufikiri kwangu kwingi, ni kwamba ukizuia upande mmoja wa difu ambalo gia zake za ndani ziko huru, upande wa pili huzunguka mara mbili zaidi. Mtu yeyote aliyewahi kukwamisha gurudumu moja kwenye tope na kuliona la pili likienda kama wazimu analijua hilo. Nami nililijua, katika daftari tofauti, la somo tofauti.

Fundi alifika siku ya mwisho kwa basi la asubuhi. Mikanda ilikwisha kukazwa, kinga za bati zilikwisha kufungwa, na watu walikuwa kwenye foleni na magunia yao.

"Umezungusha?" aliniuliza.

"Nimezungusha."

"Ngapi?"

"Nne na nusu, na kidogo."

Sikuwa nimezungusha. Sababu nilikuwa nazo, na nimezipanga upya mara nyingi tangu siku ile: mashine ilikuwa nzito, watu walikuwa wanatazama, meno nilikuwa nimeyahesabu mara tatu, na sehemu yangu fulani iliona kuzungusha kwa mkono baada ya hesabu kama hiyo ni kuitukana hesabu. Fundi alinitazama usoni kwa muda. Naamini ni ile "na kidogo" iliyomridhisha, kwa sababu ndivyo anavyosema mtu aliyezungusha. Akatoa chaki, akaandika idadi yangu kwenye fremu, akachora duara na nukta.

Mota iliwashwa. Mashine ikiwa tupu ilizunguka kwa sauti nyembamba kuliko ilivyostahili, na Fundi akainua kichwa. Kabla hajasema neno Mama alikwisha kumwaga debe la kwanza. Mbegu zilinyonywa kwa kasi. Mashudu yakatoka yamelowa mafuta. Kisha yakagandamana mdomoni, parafujo ikagoma ghafla huku puli kubwa ikiendelea kwa nguvu zake, na shafti ikakatika. Hakuna aliyeumia. Parafujo, shafti na nyumba yake vilikuwa vimekwisha.

"Fundi, umeniua," Mama alisema. "Msimu ndio kwanza unaanza."

"Alama ni yangu, Mama. Kosa ni langu."

Akafungua kinga, akalegeza mkanda, akachora mistari miwili ya chaki, akazungusha. Nilisimama karibu naye nimeshika daftari. Alipomaliza alisema kwa sauti yake ya kawaida, bila kugeuka, "Mbili na robo." Hakuna mwingine aliyejua maana yake.

Nilirudi chuoni wiki ile ile. Mama alikosa msimu mzima, na kwa msimu mzima alimweleza kila aliyepita pale, wakulima na madereva wa malori, kwamba mzee wa mjini kazi imemshinda. Madereva huenda mbali. Nilipompigia simu mwenye duka la spea aliniambia, kwa njia ya utani ambayo haikuwa na utani ndani yake, kwamba siku hizi gia za meno hamsini na tatu hazina mnunuzi. Nilimpigia na Fundi, mara mbili. Mara zote aliniuliza kama nakula vizuri. Mara zote nilisema ndiyo, nikakata simu nikiwa sijasema nililopigia. Hali hiyo iliendelea kwa miaka miwili.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilishuka Shelui kwa lengo la kumweleza Mama. Nilikuwa nimepanga sentensi zangu ndani ya basi. Sikutegemea kumkuta Fundi. Alikuwa kwenye foleni, amekalia gunia lake la alizeti kama mkulima yeyote. Shamba lake liko njia hiyo, na nilikuja kuambiwa kwamba kila mavuno hupita mashine mbili nyingine ili kukamulia pale, kwa mwanamke anayemsema.

"Shikamoo, Fundi."

Mashine ilikuwa inanguruma. Alinionyesha kwa kidevu nitoke naye nje, mpaka kelele ilipopungua.

"Marahaba, Injinia. Umekonda."

Dereva mmoja aliyekuwa anakula mahindi kwenye kivuli cha lori lake alituona. "Fundi, leo umekuja kukamua au kukamuliwa?" Wengine wakacheka. Fundi naye alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekwisha kuusikia utani huo.

Mama alitoka kuangalia kicheko. "Wewe si yule binti wa mahesabu?"

"Ndimi, Mama. Shikamoo. Nimekuja kusema jambo. Ile siku Fundi aliniuliza kama nimezungusha difu kwa mkono. Nilisema nimezungusha. Sikuzungusha. Idadi aliyoiandika ilikuwa yangu, na ilikuwa ya uongo. Mashine yako niliivunja mimi."

Alinitazama, kisha akamtazama Fundi, ambaye alikuwa anatazama chini. Akaingia ndani akazima swichi. Tulisubiri puli isimame.

"Rudia," alisema. "Nilimsema hapa, mbele ya hawa na wengine waliokwisha kwenda. Rudia wasikie."

"Mama, washa mashine," Fundi alisema. "Watu wana safari."

"Watasafiri. Rudia, binti."

Nilirudia. Safari hii maneno yalitoka bila mpango. Nilipomaliza, Fundi alikuwa amesimama.

"Hajamaliza," alisema. "Mimi niliweka alama bila kuzungusha. Alama ile haina maana nyingine zaidi ya kwamba nimezungusha. Nilisikia, nikaandika."

Nilimtazama na ndipo nikaelewa, kwa kuchelewa, nilichokuwa nimemfanyia. Kwa miaka miwili alikuwa amevumilia kusemwa kwa hesabu mbaya, kosa ambalo fundi yeyote anaweza kulipata. Mimi nilikuwa nimekuja kumvua hilo na kumvisha lile aliloliona kubwa zaidi, tena hadharani, bila kumuuliza.

Bibi mmoja kwenye foleni aliweka debe lake chini. "Sasa mbona sielewi. Nani alikosea?"

"Huyu alinidanganya mimi," Fundi alisema. "Mimi nikawadanganya ninyi."

Mama alijifuta mikono, iliyokuwa na mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Basi nilikuwa nakusema kwa kosa lisilo lako," alisema mwishowe, "na lako nilikuwa silijui."

"Ndivyo."

"Ungeniambia."

"Ungemsema yeye. Na yeye alikuwa bado anasoma."

Mama alichukua gunia la Fundi na kulikokota mpaka kwenye mashine. Fundi alisema zamu yake ni ya tano. "Kaa," Mama alisema, na watu wanne waliokuwa mbele yake wakasogea.

Tulitembea pamoja kwenda kituoni, yeye akiwa na dumu lake la mafuta. Nilikataliwa kulibeba. Njiani nilitafuta usoni mwake dalili ya jambo lolote, nisiipate.

"Na kile kitabu chako cha chuo?" aliuliza.

"Nilimaliza. Walikipitisha."

"Kinasemaje kuhusu hapa?"

Nilikuwa naikumbuka sentensi neno kwa neno, kwa sababu niliipanga kwa siku tatu. Nikamtafsiria: jaribio la Shelui lilisitishwa kutokana na hitilafu ya kimakanika.

"Hapo aliyeharibu ni nani?"

"Hakuna mtu, Fundi."

Alihamishia dumu mkono wa pili. "Mama alikosea jina, lakini angalau alitaja mtu. Wanaokisoma ni kina nani?"

"Wachache. Wanafunzi watakaotaka kufunga mota kwenye difu, kama nilivyofunga mimi."

"Na upande mmoja wataufunga?"

"Baadhi yao."

"Basi hapa umesema kwa watu wasiofunga difu," alisema. Basi lake lilikuwa limefika. Alipanda, akaweka dumu katikati ya miguu, na hakunipungia mkono, kwa sababu hakuwa mtu wa kupunga mkono.

Nimerudi chuoni. Wahusika wameniambia kwamba tasnifu iliyokwisha kupitishwa haifunguliwi kwa ajili ya sentensi moja, ila wanaweza kupokea karatasi ya nyongeza ikiwa na sahihi yangu. Ninaiandika kwanza kwa Kiswahili, kisha nitaitafsiri. Mchoro wa difu nimekwisha kuuchora, upande mmoja ukiwa umefungwa, na chini yake nimeandika mbili na robo. Maelezo yanayofuata bado yananisumbua, lakini sentensi ya kwanza sitaibadilisha. Ina neno moja: Sikuzungusha.